Essaouira jioni moja tu, soko nianzie wapi?

mpitanjia_ntinda

Wadau habari za jioni. Mwezi wa sita kazini wananituma Marrakech, Morocco, mkutano wa watu wa maji na usafi, na ukiisha nabaki na siku moja ya bure kabla ya ndege ya kurudi Entebbe. Wenzangu wote wamesema wanabaki hapo hapo kununua mazulia, mimi nimeangalia hali ya hewa nikaona digrii zinakaribia arobaini nikasema hapana bana, nakimbilia Essaouira, ule mji wa zamani wenye kuta kando ya Atlantiki. Nafika mchana, nalala, asubuhi narudi. Kwa hiyo ni jioni moja, basi.

Ufukwe sio shida yangu. Ninachotaka ni kutembea zile njia za soko ndani ya kuta, picha nimeziona, milango ya bluu, vikapu, paka kila ngazi. Lkn naogopa nitaishia kuzunguka maduka ya watalii tu nirudi na sumaku ya friji. Sasa nauliza: naanzia upande gani? Mimi mwanamke, mweusi, peke yangu, jioni, kuna usumbufu? Bei wanazidisha kiasi gani mtu akionekana mgeni? Na nile nini jamani. Kifaransa changu ni cha bonjour na merci, Kiarabu ni cha kuswalia tu.

zamani_rabat

Dada karibu, hapo umefika kwa mtu wake. Mimi nilisoma Rabat kwa ile skolashipu ya AMCI, ile ambayo serikali yao inawapa wanafunzi wa nchi za Kiafrika, na kila tukipata likizo tukiwa na nauli tulikuwa tunatelemka Essaouira kwa sbb kulala kulikuwa rahisi na watu wake hawana haraka.

La kwanza, USIANZIE BANDARINI. Watalii wote wanashuka upande wa bandari, wanapiga picha zile boti za bluu, wanakunywa kahawa kwenye uwanja wa Place Moulay Hassan, wanaingia ndani mita mia mbili, wanakutana na duka la taa na duka la mikoba, wanageuka. Halafu wanaandika mtandaoni kwamba mji ni mzuri lakini umejaa vitu vya kuuzia wageni. Wewe zunguka, ingilia Bab Doukkala, mlango wa upande wa pili kabisa, halafu tembea kwenda baharini. Ni kuingia nyumba ya watu kupitia jikoni ukatokee sebuleni, utakuwa umeshajua wanakula nini kabla hawajakukaribisha kiti.

Na kupotea usiogope. Ule mji sio Fes. Fes ilijikulia yenyewe karne na karne, ukiingia bila mtu wa kukuongoza unaweza ukatoka kesho. Essaouira ilichorwa. Sultani Sidi Mohammed ben Abdallah miaka ya 1760 alitaka bandari yake mwenyewe ya kufanya biashara na Ulaya, Agadir ilikuwa inamsumbua akaifunga, biashara yote akaihamishia hapa, na kuchora mji akampa Mfaransa mmoja anaitwa Théodore Cornut. Ndo maana njia zimenyooka, zinakatana vizuri, na kuna barabara kuu moja inatoka Bab Doukkala inakata mji wote mpaka upande wa bandari, inabadilisha jina tu njiani, inaanza Zerktouni, inakuwa Istiqlal, halafu Oqba. Ukichepuka kwenye kichochoro ukachanganyikiwa, uliza Istiqlal, hata mtoto atakuonyesha kwa kidole.

Saa ya kuanza: saa kumi na moja jioni, sio kabla. Mwezi wa sita jua linazama kwao saa tatu kasorobo usiku, sisi tumezoea saa moja giza limeshaingia mwaka mzima, kwa hiyo jioni yako itakuwa ndefu kuliko unavyofikiria. Baada ya alasiri ndo watu wanatoka. Pale Bab Doukkala utakuta mitumba imemwagwa chini, ndala za plastiki, mikokoteni ya nanaa mbichi inanuka mtaa mzima, mayai, kuku hai kwenye vizimba unamchagua anapimwa anachinjwa, na mtoto amebeba sinia la unga uliokandwa kichwani anapeleka kwenye tanuru la mtaa, kwa sbb familia nyingi bado zinaoka mkate wao huko. Magari hayaingii ndani kabisa. Mizigo inasukumwa kwa vitoroli wanaviita karosa, na yule jamaa wa karosa akipiga kelele nyuma yako wewe ruka pembeni usimtafute anasema nini, wale hawana breki kama wenzao wa Kikuubo kule Kampala.

Mkono wako wa kulia ukitokea huko ndo Mellah, mtaa wa Wayahudi wa zamani. Usiupite hivi hivi. Karne ya 19 karibu nusu ya mji huu walikuwa Wayahudi, wafanyabiashara wao wakubwa sultani mwenyewe aliwapa nyumba na mtaji, chai ya Waingereza ilikuwa inaingia hapa, manyoya ya mbuni na ulimbo wa kutoka ng'ambo ya Sahara yanatoka hapa. Leo wamebaki wachache sana, wengi waliondoka karne iliyopita. Kuna nyumba ya kumbukumbu inaitwa Bayt Dakira, ina sinagogi ndani, mfalme Mohammed VI aliitembelea mwaka 2020. Lkn sehemu ya nyuma ya Mellah inayogusa ukuta wa bahari ina nyumba zilizobomoka na taa ni chache, kwa hiyo pita jua likiwepo, giza likiingia rudi barabara kuu.

Katikati ya mji ndo moyo wenyewe, Souk Jdid. Barabara inapita kati, pande zote kuna viwanja vyenye matao, huku viungo, huku samaki, kule palipokuwa soko la nafaka. Kaa hapo. Usinunue chochote kwanza, kaa uangalie wamama wanavyochagua kamba wale wa baharini.

Chakula: samaki unanunua mwenyewe sokoni, dagaa wakubwa wale wa sadini au chochote kinachong'aa macho, unampelekea jamaa wa jiko la makaa hapo hapo pembeni, anakuchomea kwa hela kidogo, anakuletea mkate na kachumbari. Yale mabanda ya kule bandarini yenye samaki waliopangwa kama maonyesho yapo, lkn bei inapimwa kwa kilo na wewe hujui umepimiwa nini, nimeshashuhudia mzungu anaangalia risiti anakosa pumzi.

Usumbufu: kidogo, na ni kidogo sana ukilinganisha na Marrakech. Utaitwa, wengi watadhani Msenegali kwa sbb Wasenegali wapo wengi wanauza pale. Unasema la shukran unaendelea. Siwezi kukudanganya kwamba hakuna mtu wa kukutazama vibaya, yupo kila mahali, lakini usiku saa nne njia bado zina familia na watoto wanacheza mpira, na hiyo kwangu ndo kipimo.

Beba sweta. Sicheki. Upepo wa ule mji mwezi wa sita unakupiga kofi.

boda_kabalagala

Eh banange. Nauli yote hiyo, na viza, kwenda kuangalia kuku kwenye kizimba na mitumba chini?? Nyabo njoo soko la Owino hapa Kampala nikutembeze bure, upepo tu ndo sitaweza kukuletea 😂

mpitanjia_ntinda

@boda_kabalagala hahaha Owino ninapajua, nimeshaibiwa simu huko.

@zamani_rabat asante sana kaka nimechukua yote kwenye daftari. Hiyo ya bei bado hujanijibu!

mke_wa_lamu

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Lamu nimeolewa Kampala, na Essaouira nimepita na mume wangu tulipokwenda Morocco kwa AFCON kuwaona Cranes, timu yetu ya Uganda. Lile kundi la Nigeria, Tunisia na Tanzania, matokeo tuyaache.

Ndugu yangu wa Rabat ameeleza vizuri lkn kwenye kuanza simkubalii. Mji wa bahari unaanzia baharini. Huyu dada ana jioni moja, akianza saa kumi na moja Bab Doukkala akakaa Souk Jdid kuangalia kamba, atafika ukutani jua limeshakwenda na atakuwa amekosa kitu ambacho mji mzima ulijengwa kwa ajili yake. Kule Skala ya mjini, juu ya ukuta, mizinga ya zamani ya Wazungu imepangwa mstari inatazama maji, mawimbi yanapasuka kwenye miamba chini, na ukigeuka unaona mapaa meupe yote na minara. Hapo ndo unaelewa kwa nini njia zinakwenda zinavyokwenda. Mji uliogopa. Na haukuogopa bure, mwaka 1844 Wafaransa walikuja na meli wakaupiga mizinga kweli.

Na bandarini nenda mapema kidogo hata saa kumi, boti zikirudi samaki wanauzwa kwa mnada, kelele, ndege wa baharini wanapora mpaka kwenye mikono ya watu. Mimi niliyekulia jahazini nilisimama pale nikasahau mume.

Kitu kingine kilichonigusa, mabibi wa kule bado wapo wanaojifunga haik, shuka jeupe la sufu toka kichwani mpaka miguuni, jicho tu. Wachache, wazee. Nilimkumbuka nyanya na buibui lake la zamani, lile la kufunga, sio haya ya zipu.

Halafu mnajua Essaouira, Lamu na makaburi ya Kasubi vyote viliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2001? Kwa hiyo @boda_kabalagala ukimaliza Owino mpeleke Kasubi pia.

zamani_rabat

Mama shikamoo. Hoja ya jua naikubali, hoja ya kuanza bado. Basi tufanye hivi: ukuta wa Skala una mtaa chini yake, Rue de la Skala, unashikana na huko Mellah. Dada anaingia Bab Doukkala, anakwenda Souk Jdid, saa mbili anakata kulia kuelekea baharini mpaka anatokea ukutani, anapanda juu jua likiwa limebaki kidole kimoja. Halafu anatelemka Moulay Hassan na bandari anaipata na taa. Mnada wa samaki ataukosa, kweli. Jioni moja haitoshi vyote.

Kama geti la Skala limeshafungwa saa hizo, na mara nyingine linafungwa mapema, asimame tu kwenye uwazi karibu na bandari, jua ni lile lile.

Bei sasa. Mboga, samaki, mkate, nanaa, hizo zina bei yake, ukibishana unachekwa. Viungo uliza kwanza kwa kilo halafu omba robo, vile vilima vya rangi vilivyochongwa kama piramidi ni vya kupigiwa picha, mwenyeji anachotewa kwenye gunia la nyuma. Vitu vya mikono, viatu vya ngozi, taa, masanduku, hapo ndo wanaanzia juu, ukilipa kati ya nusu na theluthi mbili ya alichosema mwanzo hujaonewa na wala hujamwonea. Duka la kwanza usinunue. Pesa yao dirham 10 ni kama dola moja, haipatikani kwenye forex zetu hapa, utabadilisha ukifika, na zikibaki badilisha kabla hujaondoka maana Kampala hazina kazi. Na kama siku yako ni Ijumaa, mchana wengi wanafunga kwa swala, wanarudi kidogo kidogo alasiri.

Ah na mfuko beba wako. Kavera, ile mifuko ya plastiki, walipiga marufuku 2016 na wamejitahidi kuliko sisi tuliopiga marufuku midomoni.

seremala_ndeeba

Mimi sijafika huko lakini mbao zao nimeshika. Kuna mteja wangu aliniletea sanduku toka Essaouira bawaba imetoka, nikakaa nalo siku nzima nalinusa tu, wafanyakazi wakaniona mwehu.

Huo mti wanaita thuya, wao arar. Mti mdogo, unakua pole pole mno. Kinachouzwa ghali si shina, ni nundu iliyo chini ardhini pale mizizi inapoanzia. Ukiipasua ndani ina madoadoa kama macho ya ndege, rangi ya asali iliyoungua, sisi hapa mvule au mugavu hauna kitu kile hata ukipiga msasa mpaka kesho. Halafu wanatia michirizi ya mbao nyeupe ya mlimau na vipande vya lulu za kombe, kipande kwa kipande, kwa mkono, na hakuna pengo hata la kuingiza kucha. Kazi ile naiheshimu.

Sasa dada ukienda kwenye zile karakana zilizo chini ya ukuta, nasikia zamani zilikuwa stoo za baruti, ingia zile ambazo unaona vumbi la mbao mlangoni na mtu anafanya kazi. Penye kioo na taa kali pita. Shika sanduku ligeuze chini. Kama chini ni plaiwudi na juu wamebandika ngozi nyembamba ya thuya, bei ni ingine kabisa, waambie. Fungua kifuniko usikie kinaingiaje, kinatakiwa kishuke pole pole kama kinasukuma hewa. Nusa ndani. Harufu ni ya mbao yenyewe, sio vanishi. Wazee wa kazi wanapaka mafuta na kusugua kwa kitambaa, haing'ai kama chupa ya soda, inang'aa kwa ndani.

Ila nitasema hili watu wasipende. Nundu ile ukiichimba mti umekufa. Huwezi kuikata ukaacha shina lichipue, umeng'oa. Na misitu yao imepungua sana kwa sbb ya hayo masanduku yetu mazuri. Nunua kadogo. Meza ya thuya sitaki kusikia mtu ameleta.

mpitanjia_ntinda

Muzei nimekuelewa, kasanduku ka hereni tu. Nitakutumia picha ya chini kabla sijalipa 😅

hajati_saluni

Mwanangu salaam aleikum. Nina saluni hapa Kibuye na wateja kila siku argan argan, wanachoniletea masokoni hapa ni maji ya mafuta ya alizeti yamepakwa harufu. Kama utafika huko kwenyewe niletee chupa mbili na nitakurudishia kwa mobile money siku hiyo hiyo wallahi.

Lkn usinunue njiani tu, nisikilize. Ule mti wa argan unaota karibu Morocco peke yake, kusini magharibi, na Essaouira imekaa ndani ya eneo lenyewe. Wanawake wa vyama vya ushirika wanavunja zile kokwa kwa jiwe moja moja, wanatoa punje, wanasaga. Kuna ya aina mbili. Ya kula, punje zinakaangwa kwanza, mafuta yanakuwa meusi kidogo yananukia kama karanga. Ya nywele na ngozi, punje hazikaangwi, mafuta ni ya dhahabu nyepesi na harufu ni ndogo sana karibu hakuna. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya ngozi yananukia marashi, kimbia. Akikuuzia kwenye chupa nyeupe iliyokaa juani dirishani, kimbia pia, mwanga unaharibu. Chupa nyeusi, jina la chama cha ushirika, tarehe.

Na amlou! Lozi zimesagwa na hayo mafuta ya kula na asali, ya kuchovyea mkate. Hiyo jinunulie mwenyewe hutaniletea najua utaimaliza hotelini.

zamani_rabat

Hajati umesema kweli tupu. Naongeza tu: njiani toka Marrakech utaona mbuzi wamepanda juu ya mti wa argan wamesimama kama wamepigiwa saluti na basi dogo la watalii limesimama. Mbuzi kupanda wanapanda kweli kutafuta matunda, lakini wale wa kando ya barabara kuu mara nyingi wamepandishwa na mwenyewe anasubiri dirham. Usishuke.

binti_bombo

Mbona hamjamwambia jambo kubwa? Mwezi wa sita Essaouira kuna tamasha la Gnaoua. Lipo tangu 1998, linafanyika Juni, jukwaa kubwa linawekwa hapo hapo Place Moulay Hassan na mji unafurika. Dada kagua tarehe zako LEO. Likigongana na jioni yako mambo mawili yatatokea, vyumba vitakuwa vimekwisha au bei imeruka, na ile ramani ya kutembea taratibu sahau, utakuwa unabebwa na watu.

Ila hata nje ya tamasha Wagnawa utawasikia. Hao ni watu weusi wa Morocco, wazee wao walitolewa kusini mwa Sahara, wengi kama watumwa kwenye misafara, wengine wakawa askari. Wakachanganya dini ya Kiislamu na ngoma za walikotoka. Ala zao kuu ni guembri, nyuzi tatu, tumbo lake limefunikwa ngozi ya ngamia, sauti nzito inaingia kifuani, na qraqeb, vile vyuma viwili viwili vya kugonganisha mikononi. Mpigaji mkuu ni maalem. Na Essaouira ina zawiya yao yenyewe, nyumba ya ibada, ya Sidna Bilal, Bilal wetu, muadhini wa Mtume. UNESCO iliwaandika 2019.

Mimi Mnubi wa Bombo, wazee wetu walifika Uganda na jeshi la Emin Pasha halafu Mwingereza Lugard akawachukua, askari weusi waliohamishwa na wenye bunduki wakabaki wameshika dini na ngoma zao za doluka. Kwa hiyo nilipoona Wagnawa mara ya kwanza kwenye simu sikuona watalii wanachezewa ngoma, niliona harusi ya nyumbani. Rangi tu ya nguo zimebadilika.

Ninachokuomba: wa barabarani wanaopiga kwa kofia za makombe wape dirham zao, wanatafuta riziki. Ukisikia guembri inatoka ndani ya nyumba usiku mlango umerudishwa, hiyo inaweza kuwa lila, ni ibada ya uponyaji ya mpaka alfajiri, sio shoo. Usichungulie na simu. Ukialikwa ni jambo lingine, ukialikwa keti, usiondoke katikati.

boda_kabalagala

Sasa hapo binti bombo umenishika. Hii ya guembri nimekwenda yutubu nimesikiliza nikiwa stejini, abiria wawili wamenipita. Swali la wanaume: bia iko?

zamani_rabat

@boda_kabalagala ipo kwa hoteli na mikahawa michache yenye leseni, barabarani sahau. Chai ya nanaa ndo bia yao. Chai ya kijani ya Kichina, sukari ya kutisha, inamiminwa toka juu mpaka ipate povu. Glasi moja ukae nayo saa nzima hakuna atakayekufukuza.

@binti_bombo hiyo ya tamasha ilinitoka kabisa, ahsante. Nilikuwaga mwanafunzi tukienda wakati wa tamasha tunalala kwenye mapaa ya watu, upepo ule, nusu usiku kila mtu amejiviringisha kwenye zulia la mwenye nyumba.

mpitanjia_ntinda

Jamani nimekagua! Mkutano wangu unaisha kabla tamasha halijaanza, kwa hiyo mji nitaupata wa kawaida, nusu nafurahi nusu nimesikitika. Chumba nimeshapata ndani ya kuta, karibu na Bab Marrakech.

Uamuzi: mama wa Lamu utanisamehe, naingilia Bab Doukkala. Lakini nitafika mapema kidogo, saa tisa nitatupa begi, nitapita bandarini haraka kuona boti zikirudi, halafu nitazunguka kwa nje ya ukuta mpaka Bab Doukkala ndo nianze rasmi. Inawezekana kwa miguu? Na basi la toka Marrakech nalipata wapi, na asubuhi la kurudi nisije nikakosa ndege.

zamani_rabat

Inawezekana, mji ule ni mdogo, toka bandarini mpaka Bab Doukkala hata ukitembea na mtoto ni dakika ishirini. Mama wa Lamu ameshinda nusu mechi naona.

Basi: CTM au Supratours, kama saa tatu njiani. Supratours Marrakech inaondokea karibu na stesheni ya treni, na Essaouira inakushusha karibu na hapo hapo Bab Marrakech kwa hiyo umepanga vizuri bila kujua. Tiketi ya kurudi kata siku hiyo hiyo ya kwenda, asubuhi zinajaa. Na ukiwa na ndege siku hiyo hiyo usichukue basi la katikati, chukua la kwanza kabisa hata kama litakunyima kifungua kinywa.

mke_wa_lamu

Nusu mechi naikubali 😊 Dada ukifika ukutani tusalimie bahari. Na funga mtandio kwa pini, usitegemee mkono, mimi wangu ulikwenda na upepo ukatua kwenye boti ya mtu.

hajati_saluni

Chupa mbili. Nyeusi. Kwenye begi la kupakia chini ya ndege, la mkononi watakunyang'anya.

boda_kabalagala

Nyabo na mimi basi zile ndala zao za ngozi za njano zisizo na kisigino, namba 43. Nitavaa stejini kila mtu aulize.

mpitanjia_ntinda

Namba 43 nimeandika. Ila za njano zikiisha nakuletea nyeupe, utaziosha mwenyewe hilo vumbi la Kabalagala.